Mafuta ya Kondoo kwenye Mtungi wa Oksijeni

Grótvík, Jumapili, 21 Aprili 1968

Kwa Baba mpendwa,

Leo asubuhi nimeapa, mkono wangu ukiwa juu ya kitabu cha nyimbo za kanisani, kwamba katika barua hii nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo Mama alitaka yangoje mpaka urudi kutoka Grinlandi mwezi wa tisa. Kwa hiyo tafadhali keti kwanza.

Ulipoondoka Februari ulijua nimejiandikisha darasa la ushonaji. Baba, sishoni. Wiki ile ile mwalimu mkuu aliuliza nani wa darasa la mwisho angependa kwenda karakana ya meli kila Jumamosi kujifunza kuchomelea kwa gesi. Walinyoosha mikono wavulana wanne na mimi. Darasa zima lilicheka. Mwalimu mkuu hakucheka, akaandika jina langu.

Fundi Heðin aliponiona mlangoni alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Umemletea nani chakula?"

"Nimekuja kujifunza, Fundi."

"Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Bárður."

"Bárður wa mzee Dánjal? Yule aliyeazima nyundo yangu mwaka wa hamsini na tisa?"

"Huyo huyo."

"Basi ingia, huenda umenirudishia."

Wiki tatu za kwanza hatukuwasha hata kiberiti. Alitufundisha mitungi tu: ule mrefu wa oksijeni na ule mnene wa asetilini, jinsi ya kuisimamisha na kuifunga mnyororo ukutani, jinsi ya kusimama pembeni, kamwe si mbele, unapofungua valvu. Nati za asetilini zinakazwa kwa kuzungusha upande wa kushoto ili mtu asije akachanganya mipira miwili inayopitisha gesi hata kwenye giza. Kila kiungo tunakipaka maji ya sabuni kwa brashi tukitafuta povu. Kabla ya kugusa oksijeni tunanawa mikono kwa magadi mpaka ngozi inakauka, kwa sababu oksijeni ya mtungini ikikutana na mafuta au grisi chini ya presha hiyo, haingoji moto. Inalipuka yenyewe. Fundi Heðin alilisema hilo mara tatu kwa siku, na kila alipolisema alitutazama mikononi, si usoni.

Sasa tunawasha. Asetilini peke yake inatoa moto wa manjano wenye masizi yanayoelea kama nyuzi nyeusi. Ukiongeza oksijeni kidogo kidogo, moto unakuwa mweupe wenye manyoya, kisha manyoya yanarudi ndani mpaka kinabaki kiini kimoja kidogo, chenye ncha ya mviringo. Hapo unaacha. Ukizidisha, moto unapiga mluzi na kuunguza chuma badala ya kukiyeyusha. Jumamosi iliyopita niliupata mara ya kwanza bila kusaidiwa. Tummas, yule mwenye sauti kubwa anayepaka rangi meli, alipita akasema, "Bibi harusi, umekuja kushona au kuchoma?" Nikamwambia, "Nashona, Tummas. Uzi wangu ndio wa moto." Wenzake walimcheka mpaka akaondoka.

Sasa nakuja kwenye lile alilotaka Mama lingoje. Baada ya sikukuu ya Ólavsøka, karakana itachukua mwanagenzi mmoja, kwa mkataba wa miaka minne. Tarehe 8 Juni Bwana Mikkelsen atakuja kutoka mjini Tórshavn kututahini, naye atakayefaulu vizuri zaidi ndiye atakayechukuliwa. Mama anataka niende chuo cha ualimu. Mimi nataka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na sijui wewe unataka nini.

Babu hajambo. Kila siku anashuka karakanani na kopo lake la mafuta, na hakuna bawaba wala kufuli kijijini ambalo halijaonja mafuta yake. Anakusalimu.

Mwanao mtiifu (tangu leo),
Sunnvá

*

Føroyingahavnin, Grinlandi, 9 Mei 1968

Sunnvá mwanangu,

Niliketi kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama. Kisha nikawasomea barua yako wenzangu wote wa chumba cha mitambo, na jamaa mmoja wa kisiwa cha Suðuroy akasema msichana wa jibu lile la uzi wangempokea kwao kesho.

Umenificha jambo tangu Februari. Sijalipenda hilo na nitakuambia ana kwa ana. Kuhusu mkataba, sisemi ndiyo wala siyo. Mimi nimeishi na moto huu miaka ishirini, nina alama zake mbili, na sitaki kumwona mtu wangu akipata ya kwake kwa sababu tu alitaka kuwashinda wavulana. Nataka kwanza kujua kama unajua au umekariri. Basi nijibu haya.

Kwa nini mtungi wa asetilini haulazwi chini? Kwa nini ufunguo wake unaachwa juu ya valvu muda wote wa kazi? Ukisikia mlio ndani ya tochi ya kuchomelea, kama mbu aliyenaswa chupani, na moto umepotea kwenye ncha, unafunga nini, na haraka kiasi gani?

Swali la oksijeni na mafuta silileti. Hilo hata paka wa karakana analijua.

Nyundo ya Heðin ipo chini ya ngazi, nyuma ya pipa. Usimwambie ilikuwa huko miaka yote.

Baba yako,
Bárður

*

Grótvík, siku ya Pentekoste

Bárður,

Unajua mimi na kalamu. Mara ya mwisho nilikuandikia mama yako alipofariki. Leo naandika kwa sababu ya furaha, na wewe ndiye pekee wa kuambiwa, maana hapa nyumbani ni siri.

Maswali yako yamefika. Binti yako aliyajibu yote mezani huku akimenya viazi. Asetilini inakaa ndani ya kimiminiko fulani, sijui nini, ukiilaza kinatoka. Ufunguo unaachwa pale ili mtu yeyote aifunge mara moja mambo yakiharibika. Na mlio wa mbu, anafunga oksijeni kwanza kisha asetilini, kabla sijamaliza kutamka neno mbu. Mimi sikuelewa hata moja, lakini kila alipomaliza nilisema "Sawasawa!" kama mkaguzi. Amekuandikia majibu mwenyewe, yatakuja na meli ijayo.

Bárður, nimejenga mashua arobaini na mbili. Sikuwahi kufikiri kuwa nitazeeka kisha watu waionyeshe nyumba yangu na kusema, "Hapo ndipo anapokaa yule msichana wa moto." Jana muuza duka alinipunguzia bei ya tumbaku kwa ajili yake. Nilikataa, kisha nikakubali.

Basi, siri. Nimeitazama ile mitungi yake. Ile shaba ya shingoni, pale wanapofungia saa za presha, ni kavu kabisa! Kavu, na bahari iko hatua ishirini. Huyo Heðin ni fundi wa moto, lakini chumvi haijui. Sunnvá amekabidhiwa ufunguo wa kile chumba cha mitungi, naye huutundika msumarini jikoni. Jumamosi ya mtihani nitaamka kabla yake, nitashuka na kopo langu, nitaipaka ile skurubu ya mtungi mrefu mafuta ya kondoo, yale mazuri niliyochanganya na mafuta ya maini ya samaki. Saa yake itaingia laini kama kasia lililopakwa vizuri, mbele ya huyo bwana wa Tórshavn. Hatajua ni nani. Atajua tu kwamba siku yake kubwa hakuna kilichokwama.

Usimwandikie. Mwache afurahi.

Baba yako,
Dánjal

*

Grótvík, Jumapili, 9 Juni 1968

Kwa Baba,

Sikufanya mtihani. Nakuambia hilo kwanza ili usilitafute chini.

Nilikuwa wa kwanza kuitwa. Fundi Heðin alitoka nje, kwa sababu mwalimu haruhusiwi kukaa chumbani, akabaki Bwana Mikkelsen na daftari lake, na wapaka rangi wakachungulia dirishani. Nilinawa mikono kwa magadi. Nilikagua minyororo. Nilichukua kitambaa safi, nikainama kutazama skurubu ya mtungi wa oksijeni kabla ya kufungua valvu kidogo ili gesi ipulize vumbi nje.

Ilikuwa inang'aa.

Sikuigusa kwa kidole. Nilisogeza pua, nikasikia harufu. Baba, nilirudi nyuma hatua tatu na mikono yangu ikiwa juu kama mtu aliyekamatwa.

"Endelea," akasema Bwana Mikkelsen.

"Sifungui, Bwana."

"Usiniambie umesahau."

"Sijasahau. Valvu ina mafuta."

Tummas akapiga kelele dirishani, "Si uifute tu! Meli ya bwana inaondoka saa sita!" Mwingine akasema, "Mtoto ameogopa, mpeni sindano yake." Nikasema kwa sauti, "Haifutwi. Mafuta yameingia kwenye mikunjo ya skurubu na huenda yameshuka ndani. Mtungi huu unawekwa pembeni na kuandikwa alama, unarudishwa kwa waliouleta. Tafadhali tokeni hapo dirishani wote."

Bwana Mikkelsen akaja, akainama, akanusa. Uso wake ukawa mweupe kama unga. Aliniambia kwa upole, "Tutoke sote, binti." Huko nje akamweleza Fundi Heðin, na Fundi Heðin akauegemea ukuta kwa muda.

Kisha akaniuliza, "Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Nani ameingia humo?"

Sikujibu.

"Sunnvá. Ama ni wewe na mikono michafu, ama unamjua. Lipi?"

Bwana Mikkelsen aliandika kwamba nilitambua hatari na kwamba, hata hivyo, mtungi ulikuwa chini ya ulinzi wangu na siwezi kueleza yaliyoupata. Kwa hiyo hawezi kunitahini. Wavulana walitahiniwa kwa mtungi mwingine. Fundi Heðin amechukua ufunguo wake.

Kosa langu nalijua na ninalikubali. Ufunguo wa mitungi hautundikwi msumarini jikoni. Hilo ni langu na nimemwambia. Lakini niliapa kukuambia kila kitu, na sasa naomba uniachie moja. Usiniulize ni harufu gani niliyoisikia. Ninayemjua hajui alichofanya, na alikuwa ameketi ukingoni mwa gati na koti lake zuri akiningoja nitoke nikiwa nimefaulu. Nilimwambia meli ya bwana iliwahi kuondoka. Aliniamini. Nadhani akijua hatashuka tena karakanani, na sijui kama atashuka popote.

Sitaki udhani kwamba ninalia, kwa sababu silii. Moto ule ningeuwasha vizuri sana, Baba.

Sunnvá

*

TELEGRAMU
Føroyingahavnin, 18 Juni 1968
Kwa Sunnvá Bárðsdóttir, Grótvík

BABU ALIPANGA KUPAKA MAFUTA OKSIJENI SIKU YA MTIHANI STOP BARUA YAKE IMENIFIKIA LEO STOP USIFUNGUE MTUNGI STOP NIJIBU KAMA UKO HAI STOP BABA

*

TELEGRAMU
Grótvík, 18 Juni 1968
Kwa Bárður Dánjalsson, Føroyingahavnin

MZIMA KABISA STOP SIKUFUNGUA STOP SUNNVA

*

Føroyingahavnin, 28 Juni 1968

Mwanangu,

Kati ya telegramu yangu na yako zilipita saa tisa. Sitakueleza saa hizo.

Leo nimepata barua yako ya tarehe 9. Nimeisoma peke yangu nyuma ya ghala, sikumsomea mtu. Hukunitajia jina, wala sasa huna haja. Unajua nilichofanya nilipofika pale uliposema "Sifungui, Bwana"? Nilivua kofia. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti vitatu ambao wangeifuta ile skurubu na kuendelea kwa sababu bwana mkubwa ana haraka na watu wanacheka dirishani. Mmoja wao nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwenye mashua, na hakufika hospitali.

Nilikuandikia kwamba hata paka analijua. Heðin alilisema mara tatu kwa siku. Wewe ulilijua, mimi nililijua, na mzee tunakula naye meza moja. Hakuna aliyemwambia. Kila siku tunamwona na kopo lake tunatabasamu. Hilo silibandiki juu yako, nalibeba mimi niliye mkubwa.

Kuhusu Heðin: sitamwandikia. Ukiamua kunyamaza na kuipoteza nafasi, nitakuheshimu. Ukiamua kusema, nitakuheshimu vilevile. Mtu aliyesimama mbele ya mtungi ule na kurudi nyuma hatua tatu anaweza kuamua hili bila mimi.

Baba yako, na najivuna kuandika hivyo,
Bárður

*

Grótvík, Jumapili, 14 Julai 1968

Kwa Baba mpendwa,

Barua yako imefika jana, na pale ulipovua kofia nimemwonyesha Mama. Amesoma mara mbili, akaenda kukoroga jamu ambayo ilikuwa tayari.

Nina mengi, na safari hii sitabakiza kitu. Ile telegramu yako ililetwa nikiwa shambani nikikata majani. Babu ndiye aliyekuwa nyumbani. Aliifungua akidhani kuna msiba kwako. Nilipoitwa nirudi nikujibu, nilimkuta mezani na karatasi imenyooka mbele yake, amevaa miwani, anaisoma neno moja moja kwa kidole.

"Kwa nini usifungue?" akaniuliza. "Mafuta yana nini?"

Nikamwambia, na ya mtihani pia. Baba, sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile. Aliinuka, akavaa koti lake la Jumapili na kofia, akashuka karakanani, na mimi nikamfuata mbio huku nikimwomba arudi. Wote walikuwepo: Fundi Heðin, Tummas, wapaka rangi, wavulana. Babu alisimama katikati.

"Heðin, mafuta yale ni yangu. Nilimwibia mtoto ufunguo alfajiri, nikaupaka mtungi nikidhani ninamsaidia. Alijua ni mimi na alinificha. Basi, nitukane mbele ya watu hawa, maana wewe ulimtukana yeye mbele yao."

Hakuna aliyecheka, hata Tummas.

"Mzee Dánjal," akasema Fundi Heðin, "ungeliua kundi zima."

"Nimesikia. Sasa nataka kuelewa. Nimepaka mafuta miaka sitini na hakuna aliyekufa."

Fundi Heðin akanigeukia. "Mweleze wewe."

"Mimi, Fundi?"

"Wewe ndiye uliyenusa."

Nikamweleza Babu mbele ya wote. Nilisema hewa tunayovuta ina oksijeni kidogo, na ndiyo maana mafuta yake yanakaa koponi bila kuwaka. Mle ndani ya mtungi ni oksijeni tupu, imeshindiliwa mara mia na hamsini. Ukifungua valvu inatoka kwa nguvu, inajishindilia tena kwenye kona na kupata joto, na mafuta yaliyopo hapo yanawaka kwa ghafla, na shaba yenyewe inawaka pamoja nayo. Nikamwonyesha kwamba nati za mtungi huu hazihitaji ulaini, zimetengenezwa zikutane zikiwa kavu, na chumvi tunaizuia kwa kofia ya chuma na kitambaa safi. Aliuliza maswali kumi na moja. Fundi Heðin aliyahesabu. Yote niliyajibu, isipokuwa moja, na lile Fundi Heðin naye alisema hajui, atamwuliza Bwana Mikkelsen.

Mwisho Babu akasema, "Sawasawa," lakini safari hii alikuwa ameelewa. Kisha akanyoosha mikono yake mbele ya Fundi Heðin kama mtoto shuleni. "Magadi yako wapi?"

Nafasi ilikuwa haijatolewa bado, na siku hiyo hiyo Fundi Heðin aliandika Tórshavn. Bwana Mikkelsen alirudi Jumamosi tarehe 6, kwa ajili yangu peke yangu! Nilichomelea vipande viwili vya bamba, unene wa milimita tatu, kwa mkono mmoja tochi na mkono mwingine ufito wa chuma wa kuyeyushia kwenye mshono. Kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kilinifuata kama kondoo anayejua nyumbani. Akakifunga kipande kwenye jiliwa, akakipiga kwa nyundo mpaka kikakunjika kabisa, akakitazama kwa kioo cha kukuza kwenye mkunjo. Hakuna ufa. Akakizungusha, akatazama tena. Akasema, "Hmm." Fundi Heðin alikuwa ametega masikio mlangoni, na alipoisikia ile "hmm" akaingia bila kuruhusiwa.

Nimeshinda wavulana wote wanne, Baba, lakini sifurahi kwa sababu hiyo. Nilipovua miwani ya giza na kuona mshono wangu umelala pale, magamba yake sawa kama ya samaki, nilijua kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Mama aliuona pia. Nilikwenda nao nyumbani. Alipitisha kidole juu yake akasema, "Ningeshona hivi ningekuwa tajiri." Hajataja chuo cha ualimu tangu siku hiyo.

Nafasi ni yangu. Naanza Jumatatu ya kwanza baada ya Ólavsøka, tarehe 5 Agosti. Lakini mimi bado ni mdogo, na karatasi ya mkataba inataka jina la baba. Fundi Heðin ameuliza ofisini, wamesema ukiwa mbali mkubwa wa nyumba anaweza kusaini kwa niaba yako, mradi wewe mwenyewe umeagiza kwa maandishi. Mkubwa wa nyumba ni Babu, naye amekataa. Nimemwekea kalamu mezani siku nne. Kila jioni anaikunja karatasi na kunirudishia. "Mkono huu?" anasema. "Muulize baba yako kama anautaka mkono huu kwenye karatasi ya mtoto wake. Akisema ndiyo, nitaandika kwa herufi kubwa."

Sitaki mwingine yeyote asaini. Naweza kukungoja, lakini karakana haiwezi. Barua ya kawaida itachelewa, kwa hiyo nakuomba unitumie telegramu siku ile ile utakapoisoma hii, hata ya maneno mawili: unamwagiza Babu asaini kwa jina lako?

Mwanao,
Sunnvá